Mali bila daftari: soma kuta za msikiti wa mtaa wako

Kuna jengo moja mtaani kwako ambalo pengine ulilijua kwa sauti kabla ya kulijua kwa sura. Alfajiri, wakati baridi ya Nakuru bado imekukunja ndani ya blanketi, sauti yake hukufikia. Ukimwelekeza mgeni njia, humtajii nambari ya nyumba. Unamwambia, "Ukifika msikitini, kata kushoto." Mwenye duka, mwenye kuuza mitumba, dereva wa matatu na mtoto wa shule, awe Mwislamu au asiwe, wote hupima njia zao kwa jengo hilo.

Lakini hebu nikuulize. Msikiti huo ulijengwa lini? Nani alitoa kiwanja? Kabla ya matofali kulikuwa na nini pale, mabati au mbao? Kwa nini ukuta wake umekaa mshazari ilhali maduka ya jirani yamefuata barabara? Ukikuna kichwa, usione haya. Wengi wetu hatujui, na wanaojua wanazidi kupungua kila mwaka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Leo nataka tuzungumze juu ya mali hiyo na daftari lake.

KABLA YA GARI LA MOSHI

Watu hudhani kwamba Uislamu ulifika Bonde la Ufa ukiwa umepanda gari la moshi. Ukweli ni kwamba ulifika kwa miguu. Miaka mingi kabla ya reli, misafara ya wafanyabiashara Waswahili na Waarabu ilitoka Pangani na Mombasa, ikakata nyika hadi Njemps, kusini mwa Ziwa Baringo. Hapo ndipo walipopumzika, wakanunua nafaka na kujiandaa kwa safari ya kutafuta pembe za ndovu. Mskochi Joseph Thomson alipofika pande hizo mwaka 1883, alikuwa ameandamana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara mashuhuri wa Pangani.

Wasafiri hao hawakuacha minara wala kuba. Sala ya jamaa haidai jengo. Inadai mahali safi, maji ya kutawadha na kujua upande wa kibla. Mstari wa mawe ardhini watosha kuwa msikiti wa siku tatu, na msafara ukiondoka, mvua inaufuta.

Baada yao walikuja askari. Waingereza walipofungua kituo huko Eldama Ravine katika miaka ya 1890, walilinda njia ya Uganda kwa askari wa Kisudani. Wengi wa askari hao walikuwa Waislamu, na walisafiri pamoja na wake na watoto wao. Mwaka 1897 baadhi yao waliasi katika pande hizo za Ravine, wakiwa wamechoshwa na safari zisizokwisha na mshahara mdogo. Uasi ulizimwa, lakini jamii ilibaki. Vizazi vya askari wa Kisudani ndio Wanubi tunaowajua leo, wenye lugha yao ya Kinubi yenye asili ya Kiarabu, na Ravine ni mojawapo ya makao yao ya tangu zamani.

Kwa hiyo reli ilipofika, iliwakuta wenyeji waliokwisha kumwona mtu akisimama, akiinama na kusujudu akielekea kaskazini.

WALIOLAZA RELI

Kazi ya kujenga reli ya Uganda ilianza Mombasa mwaka 1896. Ilifika Nairobi 1899, Nakuru 1900, na Kisumu mwishoni mwa 1901. Karibu wafanyakazi 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, wengi wao kutoka Punjab, na miongoni mwao walikuwamo Waislamu wengi. Wapatao 2,500 walikufa kwa maradhi, ajali na hata simba wa Tsavo. Wengi wa waliosalia walirudi kwao, lakini zaidi ya 6,000 walibaki. Hao waliobaki na wenzao waliowafuata ndio walioshika karakana, useremala, uashi na maduka katika miji iliyochipuka kando ya njia ya reli.

Nakuru ni mtoto wa reli hiyo. Ilitangazwa kuwa mji mdogo mwaka 1904, ikawa manispaa mwaka 1929, na tarehe 1 Desemba 2021 ikapewa hadhi ya jiji. Reli ya kupanda Uasin Gishu ilipofika Eldoret mwaka 1924, Nakuru ilizidi kuwa njia panda. Ndani ya mji mmoja walikutana fundi wa Kipunjabi, mpishi wa Kiswahili kutoka Pwani, askari mstaafu wa Kinubi, mchuuzi wa mifugo wa Kisomali, na Waafrika wa bara waliosilimu mjini. Katika mitaa ya zamani ya Waafrika kama Bondeni, watu hawa walikaa mlango kwa mlango.

Wasafiri wa barabara ya Mombasa wanajua mfano mmoja wa msikiti wa watu wa reli. Ni ule wa Mackinnon Road, penye kaburi la Sayyid Baghali, mfanyakazi wa reli kutoka Punjab. Inasimuliwa kwamba karai alilobebea mizigo lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Uiamini hadithi hiyo au usiiamini, imefanya kazi moja kubwa: madereva wameipokezana, wasafiri wamesimama kuzuru, na jina la mtu aliyekuwa kibarua halikupotea. Wapo vibarua wangapi waliochangia shilingi zao kujenga misikiti ya bara, ambao hawakuachiwa hata hadithi?

MABABU WAWILI

Ukitaka kusoma msikiti wa bara, jua kwanza kwamba una mababu wawili.

Babu wa kwanza ni Pwani. Msikiti wa kale wa Waswahili ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na paa lake la mawe likashikiliwa na boriti za mikoko. Boriti haiwi ndefu vya kutosha kuvuka ukumbi mpana. Ndiyo sababu misikiti mingi ya kale imejaa nguzo, na ukumbi umegawanyika katika vichochoro vyembamba. Mara nyingi haukuwa na mnara. Mwadhini alipanda ngazi hadi darini, akaadhini. Pambo lake kubwa liliwekwa kwenye mihrabu, ile sehemu ya ukuta iliyoingia ndani kuonyesha kibla, iliyozungushiwa tao la mawe yaliyochongwa. Nje palikuwa na kisima na birika la kutawadhia. Ukienda kuzuru magofu ya Gede, karibu na Malindi, tafuta vitu hivyo kimoja kimoja na utaviona.

Babu wa pili ni Bara Hindi. Huko, kwa karne nyingi, mafundi walijenga misikiti yenye kuba zilizovimba kama kitunguu, minara pembeni na matao yenye mikunjo. Msikiti wa Badshahi wa Lahore, huko Punjab, uliokamilika mwaka 1673, una kuba tatu kubwa nyeupe. Sasa simama mbele ya Msikiti wa Jamia katikati ya Nairobi. Jamii yake ilianza mapema miaka ya 1900, na jengo tunalolijua lilikamilika mwaka 1933. Lina kuba tatu za rangi ya fedha na minara miwili. Waliolijenga walibeba sura ya nyumbani kwao kichwani, wakaishusha juu ya ardhi ya Nairobi.

Huko bara hakukuwa na matumbawe wala mikoko. Palikuwa na mabati yaliyoletwa na gari la moshi, mbao za misitu ya milimani, na mawe ya volkano yaliyochongwa kwa patasi. Basi fundi alichanganya. Mihrabu yaweza kuwa na umbo la Pwani, kuba ikawa ya Kihindi, paa la nyuma likawa la mabati kama ghala la reli, na madirisha yakawa ya chuma kama ya shule ya serikali. Mtu asiyejua huona mchanganyiko huo ni ovyo. Mimi naona ni orodha ya watu waliochanga.

Hata rangi ina habari. Umewahi kujiuliza kwa nini kuba nyingi hupakwa kijani? Kuba iliyo juu ya kaburi la Mtume huko Madina ilipakwa kijani mwaka 1837, na tangu hapo rangi hiyo imeigwa duniani kote. Kwa hiyo kuba ya kijani mtaani kwako ina historia isiyofika hata miaka 200, ingawa wengi hudhani ni desturi ya tangu enzi.

KIBLA NA MENENGAI

Sasa tuje kwenye ule ukuta ulio mshazari. Maduka hufuata barabara, na barabara za miji ya reli zilipangwa na wapimaji wa serikali waliofuata njia ya gari la moshi na mteremko wa ardhi. Msikiti hufuata kibla, yaani upande iliko Kaaba mjini Makka. Mara nyingine pande hizo mbili hupatana. Zisipopatana, fundi ana njia mbili. Aweza kuzungusha jengo zima lielekee kibla, akiacha pembe tatu za ardhi tupu pembeni mwa kiwanja. Au aweza kujenga sambamba na barabara, kisha safu za kusalia zikachorwa mshazari juu ya zulia. Ukiona pembe tupu yenye mti au bomba la maji kando ya msikiti, huenda umeona alama ya ugomvi wa kimyakimya kati ya mpimaji na fundi.

Kutoka Nakuru, Makka iko umbali wa karibu kilomita 2,450. Upande wake ni kaskazini, ukipinda kidogo tu kuelekea mashariki, kiasi cha nyuzi 9. Tafsiri yake kwa mtu wa mji huu ni nyepesi: anayesali Nakuru amelipa ziwa kisogo na uso wake unaelekea Menengai. Mlima ule wenye shimo la volkano, ambao watalii huja kuupiga picha, ndio uliosimama mbele ya safu za wasaliji wa mji huu tangu msikiti wa kwanza.

Wanafunzi, hapa pana somo la jiografia lisilohitaji ada. Mara mbili kwa mwaka jua husimama wima juu ya Makka: tarehe 27 au 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana kwa saa zetu, na tarehe 15 au 16 Julai, saa sita na dakika 27 mchana. Simika kijiti cha urefu wa mita moja kwenye uwanja ulio tambarare, mkihakikisha kimesimama wima. Kwa dakika hiyo, kivuli chake hapa Nakuru kitakuwa na urefu wa kama sentimita 40, nacho kitaelekea kusini. Geuka uelekee upande ulio kinyume na kivuli: hicho ndicho kibla. Mkikosea kwa siku moja au dakika mbili tatu, tofauti ni ndogo. Baada ya hapo waombeni wakubwa wa msikiti ruhusa, mkalinganishe na ukuta.

MABATI HUSHUKA, GHOROFA HUPANDA

Mbona haraka yote hii ya kusoma kuta? Kwa sababu kuta zenyewe zinaondoka. Nakuru ni jiji la zaidi ya watu nusu milioni. Msikiti uliojengewa safu nne za watu sasa unamwaga wasaliji barabarani kila Ijumaa. Watu wanahitaji nafasi, wanawake wanahitaji ukumbi wao wa maana badala ya kona nyuma ya pazia, watoto wanahitaji madrasa yenye madirisha. Kamati inaitisha mchango, mkandarasi anafika, na katika wiki moja jengo la miaka 70 linakuwa kifusi. Mahali pake panapanda ghorofa tatu, vigae vya kung'aa, na maduka ya kupangisha chini ili kodi yake ilipe umeme, maji na mshahara wa imamu. Kodi hiyo ya wakfu ni desturi ya kale yenye busara.

Mimi siwalaumu wanaojenga. Msikiti ni wa watu walio hai, na mwenye kusalia juani ana haki ya kutaka paa. Ninachouliza ni kile kinachoondoka pamoja na kifusi. Ubao wa zamani wenye majina ya waliochangia ulipelekwa wapi? Mimbari ya mbao aliyoichonga seremala wa reli iliuzwa kuni? Karatasi za kiwanja ziko kwa nani? Hilo la mwisho ni zito. Kiwanja ambacho historia yake haijulikani ni rahisi kunyakuliwa, na siku ya kesi, "tumesali hapa tangu zamani" ni maneno matupu bila karatasi, picha au shahidi.

Kuna pia suala la usalama. Bonde la Ufa si ardhi iliyolala. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko kubwa, la nguvu inayokaribia 7 katika vipimo vya wataalamu, lilipiga Subukia, kaskazini mashariki mwa Nakuru. Mnara mrefu juu ya msingi wa zamani, au ghorofa iliyoongezwa juu ya kuta zilizojengwa kubeba mabati tu, ni hatari hapa kuliko mahali pengine. Kamati itakayomwita mhandisi kupima msingi kabla ya kuanza itakuwa imetumia vizuri senti za mwanzo za mchango.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inamruhusu waziri kutangaza jengo la kihistoria kuwa turathi inayolindwa. Lakini serikali haiwezi kulinda kila msikiti, kila kanisa na kila hekalu la mtaani. Ulinzi wa kwanza ni wa wenye mtaa.

FUNGUA DAFTARI

Sasa sikiliza habari ya Kizimkazi, kusini mwa Unguja. Katika msikiti wa kijiji hicho kuna maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye mawe ya mihrabu, nayo yanataja mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Jengo limetengenezwa upya na kubadilishwa tangu wakati huo. Lakini waliolijenga upya waliyaacha mawe yale mahali pake, na kwa ajili hiyo leo, zaidi ya miaka 900 baadaye, tunajua mwaka. Hawakukataa kujenga upya. Walichofanya ni kuacha tarehe ukutani.

Misikiti ya Nakuru na Bonde la Ufa haijafika miaka 150. Itakuwa ajabu sisi wenye simu za kupiga picha tukishindwa na watu waliokuwa na patasi tu.

Basi wiki hii, fanya hivi. Chukua daftari la kurasa 48. Mtafute mzee aliyekaa mtaani muda mrefu kuliko wengine. Mwamkie ipasavyo, shikamoo yako iwe ya kweli, kisha mwombe akusimulie. Usianze kwa kumwuliza mwaka, maana miaka husahaulika. Muulize kwa matukio: msikiti ulikuwapo kabla ya Uhuru? Alikuwa darasa la ngapi walipoweka umeme? Nani alikuwa akiadhini kabla ya kuwepo kipaza sauti? Maji ya kutawadha yalitoka wapi? Usiwasahau akina bibi. Wao ndio waliopika wakati wa kuchimba msingi, na mara nyingi hukumbuka nani alitoa nini, na nani aliahidi asitoe.

Kisha piga picha: mihrabu, mimbari, mlango, paa kwa ndani, birika, na ubao wowote wenye maandishi. Kama wewe si Mwislamu, hilo lisikuzuie. Omba ruhusa kwa imamu au mwalimu wa madrasa, vua viatu, vaa kwa heshima, na epuka nyakati za sala. Nyuma ya kila picha andika jina la mahali na tarehe. Toa nakala moja kwa kamati ya msikiti, moja kwa maktaba ya shule, na moja ibaki nyumbani.

Na kama kamati ya mtaa wako inajiandaa kubomoa, wapelekee ombi dogo: jiwe moja la jengo la zamani lijengwe ndani ya ukuta mpya, na juu yake ziandikwe tarehe mbili, ya kwanza na ya pili. Gharama yake ni ya siku moja ya fundi. Mtoto atakayekuja kusali hapo baada ya miaka 100 atajua kwamba kabla ya vigae palikuwa na mabati, na kabla ya mabati palikuwa na watu waliotandika mikeka chini ya anga, wakageukia Menengai.